Ati Niketi Kitako: Historia ya Kichupa Kimoja

Mwaka 1901 Albert Cook, daktari mmisionari aliyeanzisha hospitali ya Mengo kule Uganda miaka minne kabla, aliandika katika jarida moja la tiba kuhusu maradhi aliyokuwa akiyaona. Kisukari alikipitia haraka: ni nadra, na kinaua sana. Basi. Akaendelea na maradhi mengine.

Huko kuua hakunishangazi, manake mwaka huo kisukari kilikuwa kinaua dunia nzima. Neno linalonisumbua ni lile la nadra. Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza, kama changu, huanza na kiu isiyoisha. Anakojoa usiku kucha, anakonda huku anakula, pumzi inakuwa ya mbio na kunuka kama tunda lililoiva kupita kiasi, halafu anapoteza fahamu. Yote hayo yaweza kutimia ndani ya wiki chache. Sasa chukua mtoto huyo umuweke Kipungani, ncha ya kusini-magharibi ya kisiwa cha Lamu, mwaka huohuo 1901. Nani angempeleka Mengo akahesabiwe? Angezikwa alasiri, na watu wangesema ni homa, au ni jicho, au jini la baharini. Nadra ya Cook ni nadra ya waliofika mlangoni kwake.

Hata hivyo jambo moja ni kweli. Mtoto huyo wa Kipungani na mtoto wa tajiri wa Boston walikuwa na umri uleule wa kuishi mbele yao: miezi, pengine mwaka au miwili kwa mwenye bahati. Daktari wa Boston alikuwa na jina la ugonjwa, maabara na kitanda kisafi. Dawa hakuwa nayo.

Na hilo jina lenyewe ni la zamani, tena limepita majini kwetu. Waganga wa Bara Hindi waliuita madhumeha, mkojo wa asali, kwa kuwa waliona sisimizi wakiukimbilia mkojo wa mgonjwa. Ibn Sina naye alitaja ule utamu. Sukari tumeipokea kutoka Kiarabu, Waarabu wameipata huko mashariki kwenye Kisanskriti, na vyombo vilivyoleta maneno ya namna hii ndivyo vilivyokuwa vikitia nanga Lamu wakati wa kaskazi. Tulijua kuuita ugonjwa karne nyingi kabla ya mtu yeyote kujua kuutibu.

Tiba iliyokuwepo kabla ya 1922 ilikuwa njaa. Sitanii. Kule Marekani Frederick Allen alikuwa bingwa wa kuwapunguzia wagonjwa chakula mpaka sukari isionekane tena kwenye mkojo. Walibaki mifupa, ila waliishi muda kidogo zaidi. Mmoja wao alikuwa Elizabeth Hughes, binti wa waziri wa mambo ya nje wa Marekani. Agosti 1922, akikaribia miaka 15, alikuwa na uzito wa kama kilo 20. Hebu fikiria kilo 20. Mfuko mmoja wa mchele.

Huko Toronto, Januari mwaka huohuo, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alidungwa maji yaliyotengenezwa kutokana na kongosho la ng'ombe. Ilikuwa tarehe 11. Dawa ilikuwa chafu, sukari ikashuka kidogo tu, na pale alipodungwa pakafanya jipu. James Collip, mtaalamu wa kemia wa kundi lile, akaisafisha upya, na tarehe 23 wakamdunga tena. Safari hii ilifanya kazi. Frederick Banting na J.J.R. Macleod wakapewa tuzo ya Nobel mwaka uliofuata. Banting akagawana fedha zake na Charles Best, Macleod akagawana na Collip. Hataza waliiuzia Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kwa kila mmoja, ili dawa isije ikawa mali ya mtu. Kuna siku nasimama kaunta ya duka la dawa nikiangalia bei, na hiyo dola 1 inanijia kichwani bila kuitwa.

Elizabeth alifikishwa kwa Banting Agosti ile. Alianza kula, akakua, akasoma chuo, akaolewa, akazaa, akafa mwaka 1981 akiwa na miaka 73. Alijidunga zaidi ya mara 42,000.

Usawa wa 1901 ukafia hapo. Kuanzia 1922 uhai wa mtoto mwenye kongosho lisilotoa insulini ukawa ni swali la njia: kichupa kinatoka wapi, kinapita wapi, kinafika lini, na kikifika kimeshapikwa na jua au bado.

Mimi niligunduliwa nikiwa na miaka 11, mjini Mombasa, ambako kichupa kinapatikana. Lakini likizo zetu zote zilikuwa Kipungani, kwa kina mama. Mtu asiyepajua: ni kijiji cha wavuvi na wasukaji. Wanawake wanasuka mikeka, vikapu na vifumbu vya kukamulia tui. Gari hakuna. Unafika kwa mashua, au kwa punda, au kwa miguu yako mwenyewe. Likizo ya kwanza baada ya kutoka hospitali, wenzangu wakikimbilia majini, bibi alinishika mkono. “Ndoo uketi hapa, mwanangu. Usende mbio, utaanguka.” Akanipa miyaa, nikae nisuke ukili pamoja na wazee. Likizo mbili nzima nilisuka. Ukili wangu ulikuwa mzuri, nikiri, ila nilikuwa nausikia ule mchezo kule pwani kwa masikio tu.

Nilipokuwa mkubwa na kuanza kusoma historia ya ugonjwa wangu, niligundua kwamba bibi hakuwa peke yake. Madaktari wengi wa Ulaya na Marekani, wenye shahada ukutani, walikuwa wakisema vilevile kwa miongo. Keti kitako. Usicheze. Na sababu ilikuwepo: misuli ikifanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu, na ikiwa umeshajidunga insulini, vitu viwili vinaishusha sukari kwa mpigo. Mtoto anatetemeka, anatoka jasho la baridi, anaropoka, anaanguka. Nani alitaka kulaumiwa? Kumkalisha mtoto ni rahisi kuliko kumfundisha hesabu.

Ajabu ni kwamba jibu lilikuwepo karibu tangu mwanzo, na lilitoka kwa mgonjwa. Robin Lawrence, kijana Mskoti, daktari, alipata kisukari kabla insulini haijafika Uingereza. Akahamia Florence, Italia, ili asiwafie jamaa zake mikononi. Mwaka 1923 mwenzake wa hospitali ya King's College, London, akampelekea habari kwamba insulini imepatikana na inafanya kazi, arudi upesi. Akapanda gari akaendesha mpaka London, hoi bin taabani. Mwaka 1926, miaka mitatu tu baadaye, alichapisha katika British Medical Journal makala ya kuonyesha kwamba mazoezi yanaongeza nguvu ya insulini: ukitumia mwili, dozi ileile inashusha zaidi. Yaani kile wengine walichokiona kama hatari, yeye alikipima kama kiasi. Na kitu kinachopimika unaweza kukipangia. Lawrence aliishi mpaka 1968, na mwaka 1934 yeye na mwandishi H.G. Wells, naye mgonjwa wa kisukari, walianzisha chama cha wagonjwa huko Uingereza.

Kule Boston, Elliott Joslin alikuwa akiwaambia wagonjwa wake kwamba wanaendesha gari la farasi watatu: chakula, insulini na mazoezi. Ukimfunga mmoja zizini, gari linakwenda upande. Kwetu ingekuwa punda, na mwenye kuijua Lamu anajua punda watatu hawajawahi kukubaliana njia moja, kwa hiyo mfano wa Joslin unafaa zaidi huku kuliko kwao.

Lakini makala iliyochapishwa ni jambo moja, na mlango wa daktari wa mtaani ni jambo jingine. Bill Talbert alipata kisukari akiwa na miaka 10, miaka michache tu baada ya makala ya Lawrence, akakatazwa michezo yote. Ilimchukua baba yake miaka kama minne kumshawishi daktari aruhusu walau tenisi. Akaja kuwa bingwa wa mashindano makubwa ya Marekani ya wachezaji wawiliwawili. Utasema hiyo ni zamani. Haya, Gary Hall wa Marekani alipogunduliwa mwaka 1999 aliambiwa kuogelea kumekwisha. Mwaka 2000 akachukua dhahabu ya mita 50 Sydney. Na Nacho Fernández, yule aliyekuwa beki wa Real Madrid, akiwa na miaka 12 daktari mmoja alimwambia mpira basi. Siku chache baadaye daktari mwingine akamwambia kinyume, kwamba mazoezi anayahitaji. Ligi ya Mabingwa ameichukua mara 6, na mwaka 2024 ndiye aliyelinyanyua kombe kama nahodha. Mashabiki wangapi wa Madrid hapa Pwani wamemwangalia miaka yote hiyo bila kujua kwamba anajidunga?

Hao wote, lakini, walikuwa na kichupa. Hapa ndipo historia ya kwao na ya kwetu zinapoachana, na ndiyo sababu sipendi zile hadithi za wanamichezo zinazoishia kwa “ukiamua unaweza”. Unaamuaje bila dawa?

Miaka ya 1980 Donald McLarty na wenzake katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, walifanya jambo ambalo karibu hakuna aliyelifanya kusini mwa Sahara: waliwaandika wagonjwa wapya wa kisukari kuanzia 1981 na kuwafuatilia mpaka 1987, nani yu hai na nani amekufa, na kafa kwa nini. Matokeo yalichapishwa 1990. Miongoni mwa waliotegemea insulini, vifo vilikuwa vingi mno kulinganisha na Ulaya, na wengi waliokufa waliuawa na ketoni zilizojaa damuni au na maambukizi. Hayo ni mambo ambayo insulini na dawa za kawaida huyazuia. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya 60 tangu Leonard Thompson. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeiweka insulini katika orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977. Karatasi ilikuwa imefika. Kichupa kilikuwa kinafika siku moja na kukosekana siku nyingine.

Kulikuwa pia na suala lililowahusu Waislamu wa pwani hii moja kwa moja. Insulini ya miaka hiyo ilitengenezwa kwa makongosho ya ng'ombe na ya nguruwe. Fikihi ina mlango wa dharura na uko wazi, lakini kuambiwa ni dharura na moyo kutulia ni vitu viwili. Suala hilo liliondolewa na maabara: mwaka 1978 wanasayansi wa California walifanikiwa kuwafanya bakteria watengeneze insulini ya binadamu, na mwaka 1982 ikaruhusiwa kuuzwa. Ninayoitumia mimi haijapita karibu na mnyama.

Linabaki joto. Kichupa ambacho hakijafunguliwa kinatakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Hilo limeandikwa kwenye kila boksi, na kwa miaka mingi lilikuwa linasomeka kama hukumu: kama huna friji, huna ruhusa ya kuwa na kisukari. Kambini Dagahaley, Dadaab, katika kaunti ya Garissa tunayopakana nayo, wakimbizi wenye ugonjwa huu walikuwa wakilazimika kwenda hospitalini kila siku kudungwa, kwa kuwa nyumbani hawana pa kuiweka dawa. Hebu jiweke hapo. Kuchunga, kwenda sokoni, shule, kazi, vyote vinapangwa kuzunguka sindano iliyofungiwa kwenye friji ya watu wengine. Hiyo nayo ni namna ya kukalishwa kitako.

Madaktari Wasio na Mipaka wakaanza kupima joto la ndani ya nyumba za pale. Lilikuwa likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa siku. Wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Geneva, insulini ikawekwa maabara katika joto hilohilo linalopanda na kushuka, wiki nne. Nguvu yake haikupungua kwa kiasi cha maana. Matokeo yalitoka 2021, mwaka wa mia moja tangu ugunduzi wa Toronto. Kichupa kilichofunguliwa kinaweza kukaa nyumbani, mahali penye kivuli, kwa mwezi wa matumizi. Hiyo siyo ruhusa ya kukiacha kwenye dashibodi ya gari au juu ya bati, wala haihusu akiba ya miezi. Lakini kwa mtu wa Dagahaley, na kwa mtu wa Kipungani, ni siku zake mwenyewe alizorudishiwa.

Nilipoisoma habari ile nilicheka, kwa sababu mamangu mdogo alikuwa ameshaisuluhisha zamani bila Geneva. Mtungi mdogo ndani ya mtungi mkubwa, katikati mchanga, mchanga unaloweshwa asubuhi na jioni, juu kitambaa kibichi, na kichupa kiko ndani ya kopo lenye kifuniko kisiingie maji. Maji yakikauka yanaondoka na joto. Ni kanuni ileile inayofanya maji ya mtungini yawe matamu kuliko ya jagi la plastiki. Tuseme ukweli, hewa ya pwani ina unyevu, kwa hiyo mtungi wa Kipungani haupoozi kama wa Garissa kukavu. Unapunguza nyuzi kadhaa, zaidi ikiwa kuna upepo, na unakizuia kichupa kisionje ile saa nane ya mchana. Mara nyingi hicho tu ndicho kinachotakiwa.

Sasa niseme ninavyoishi na farasi wangu watatu, au punda.

Kutoka Kipungani hadi Shela kuna ufuo mmoja mrefu wa mchanga, kilomita kama 12, na upande mmoja ni vilima vya mchanga ambavyo chini yake ndiko yaliko maji matamu ya Lamu. Natembea njia hiyo kila niendapo. Naondoka maji yakiwa yametoka, mchanga umekaza. Dozi ya asubuhi naipunguza, kiasi gani ni baina yangu na daktari wangu na daftari langu la miaka, kwa hiyo usinakili. Sijidungi pajani siku hiyo, manake mguu unaofanya kazi unaipeleka insulini haraka, na jua linaiharakisha zaidi. Napima kabla ya kuondoka. Ikiwa sukari iko juu sana na kuna ketoni, siendi, kwani mwili ulioishiwa insulini ukiukimbiza unazidi kujitia sumu. Ikiwa iko chini, nakula kwanza. Njiani napima tena. Mfukoni nina tende na chupa ndogo ya soda: soda ni kwa dharura kwa kuwa inaingia haraka, tende ni za kushikilia baadaye. Na usiku ndio wa kuangalia zaidi, kwa sababu misuli inaendelea kujirudishia sukari saa nyingi baada ya wewe kupumzika. Wengi wanaoanguka huanguka wakiwa usingizini, wala siyo mchangani.

Watu wakisikia hesabu yote hiyo wanasema, si afadhali ukae tu? Nami nawauliza kama wamewahi kuhesabu sahani ya wali wa nazi, samaki wa kupaka na mahamri mawili ya juu yake. Kukaa nako kuna hesabu zake. Tofauti ni kwamba anayetembea, insulini anayohitaji kwa kawaida hupungua na moyo wake unashukuru.

Ramadhani ndiyo ngumu, na sitaifanya iwe rahisi. Mwaka 2001 ulifanywa utafiti mkubwa katika nchi 13 zenye Waislamu wengi, na zaidi ya asilimia 40 ya wenye aina ya kwanza walikuwa wamefunga siku 15 au zaidi. Sura ya Al-Baqara imemuondolea mgonjwa uzito huo waziwazi, na miongozo ya Shirikisho la Kimataifa la Kisukari inawaweka wenye aina ya kwanza kwenye kundi la hatari kubwa. Watu hawafungi kwa kutojua. Wanafunga kwa sababu kijiji kizima kimefunga na wewe hutaki kuwa yule anayetafuna nyuma ya mlango. Mimi sifungi, natoa fidia, na nakula ndani. Bibi aliyenikalisha kitako ndiye aliyesimama mlangoni Ramadhani moja akamwambia jirani aliyeanza kunisema kwamba mtoto huyu mwenye kumhukumu yuko, na si wewe.

Mwaka 2009 ulianzishwa mpango wa kuwapatia watoto insulini bure katika nchi zenye uchumi mdogo, na Kenya, Uganda na Tanzania zote zimeingia. Hospitali kubwa ya visiwa vyetu, King Fahad, iko Lamu mjini. Lakini kati ya mji na Kipungani bado kuna maji, na maji yana ratiba yake. Yakitoka sana wakati wa bamvua kuna sehemu mashua inakaa kwenye matope, na nahodha anawasha sigara anangoja. Upepo wa kusi ukikaza, hata kungoja hakufai. Kwa hiyo nikienda nagawa: kichupa kimoja mkobani kwangu, kimoja kwa mtu mwingine ndani ya mashua, na cha tatu kimetangulia mtunginini kwa mamangu mdogo tangu safari iliyopita, tarehe ya mwisho imeandikwa kwa kalamu nene kwenye kopo. Sindano mara mbili ya ninazohitaji. Vijiti vya kupimia kwenye mfuko usiopitisha maji. Nikifika, kabla hata ya salamu kwisha, naenda kushika mchanga wa mtungi kuona kama bado ni mbichi.